Kabla ya vitabu kulikuwa na wodi: maisha ya Grace Ogot, nesi

Ukimtaja Grace Ogot mbele ya mtu yeyote aliyesomea Kenya, jibu linakuja haraka: mwandishi. Aliyekuwa makini darasani ataongeza habari ya Oganda, yule binti wa chifu aliyepelekwa ziwani awe kafara ili mvua inyeshe. Mzee wa Gem naye atakwambia huyo alikuwa mheshimiwa wetu. Watakaosema nesi ni wachache sana, na wengi wao wana mvi.

Mimi nataka tuanzie hapo kwa unesi. Mama huyu alivaa sare ya hospitali miaka mingi kabla hajachapisha hadithi hata moja, na kadiri ninavyosoma maisha yake ndivyo ninavyoona sare hiyo hakuivua kabisa.

Kwa nini nimlete leo? Kwa sababu kila mwaka vijana wa Bumula, kutoka Khasoko, Kimaeti, Siboti na kwingineko, wanapata nafasi za kusomea uuguzi KMTC. Wengine wanaingia Bungoma hapo karibu, wengine Webuye, wengine wanavuka hadi Kitale. Si wote waliota kazi hiyo. Kuna aliyetaka udaktari, gredi zikamwambia tulia. Kuna ambaye ni mzazi aliyepiga hesabu ya mshahara akalinganisha na miwa inayosubiri kulipwa. Kuna ambaye ni mfumo wa KUCCPS tu ulimtupa huko. Miezi michache baadaye mtu yuko wodini, wagonjwa wanamwita sista, na ndani yake hajui kama yeye ni nesi au ni mwanafunzi aliyeazima nguo za nesi.

Swali hilo silichukulii poa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kozi nyingine kabisa isiyo na uhusiano na hospitali, na najua mtu anaweza kutembea na kitambulisho cha kozi mfukoni miezi ishirini bila kozi yenyewe kumwingia. Kwa hivyo nilipoanza kusoma habari za Ogot nilikuwa natafuta mwandishi. Nikajikuta nafuata nesi.

Alizaliwa Mei 15, 1930, Asembo, upande wa Nyanza, akaitwa Grace Emily Akinyi. Baba yake, Joseph Nyanduga, alikuwa miongoni mwa wanaume wa kwanza Asembo kupata elimu ya Kizungu, akawa mwalimu katika shule ya misheni. Jioni pale nyumbani kulikuwa na visima viwili vya hadithi. Baba alisimulia za Agano la Kale, nyanya akasimulia za Wajaluo, za mazimwi, za ziwa na za watu walioliwa na ziwa.

Watu wakieleza uandishi wake huanza na nyanya huyo. Sawa, sibishi. Lakini mimi naona nyanya alimpa kitu kingine ambacho nesi anakihitaji hata kabla ya kushika sindano: subira ya kumsikiliza mtu mzima anayezungukazunguka kabla ya kufika kwa jambo. Mama mzee akija zahanati ya kijijini na tumbo, hatakuambia tumbo. Ataanza na ugomvi wa mpaka wa shamba, aingie kwa mkaza mwana asiyemsalimia, apitie usingizi uliopotea, na mwisho kabisa, akiwa tayari ameshika leso yake kuondoka, ndipo atataja damu aliyoiona asubuhi. Nesi asiye na masikio atamkatiza kwenye mkaza mwana ampe dawa ya minyoo. Hilo halifunzwi kwa noti. Mtu analipata kwa kukaa chini ya mtu anayesimulia polepole, usiku, bila kumharakisha.

Shule alianzia Ng'iya, shule ya wasichana ya wamishonari wa CMS, kisha akaenda Butere. Hapa watu wetu wachangamke kidogo, maana ukitoka Bumula ukashuka upande wa Mumias, Butere si mbali. Shule hiyo ya wasichana ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1916, na kwa miongo mingi ilikuwa kati ya milango michache sana ambayo msichana wa magharibi mwa Kenya angeweza kupitia kama hataki kuolewa mapema.

Na baada ya mlango huo, njia zilikuwa chache vilevile. Msichana Mwafrika aliyemaliza shule miaka ya 1940 alikuwa na chaguo la ualimu au uuguzi, basi. Hakukuwa na fomu ya kujaza kozi sita ukianza na unayoipenda. Ndiyo maana nasema wale wa KUCCPS wasijione wa kwanza kusukumwa. Kazi nyingi za maana duniani zimefanywa na watu ambao hawakuzichagua siku ya kwanza. Walizichagua baadaye, wakiwa tayari ndani.

Mwaka wa 1949 akavuka mpaka kwenda Uganda kusomea uuguzi Mengo, Kampala.

Mengo haikuwa zahanati ya kichochoroni. Ni hospitali ya misheni iliyoanzishwa 1897 na daktari Mwingereza Albert Cook, na mke wake Katharine, ambaye mwenyewe alikuwa nesi, ndiye aliyesukuma sana mafunzo ya wakunga na wauguzi Waganda wakati ambapo wazungu wengi hawakuamini kuwa wasichana wa Kiafrika wanaweza kazi hiyo. Katharine alikuwa amekufa 1938, miaka kumi na moja kabla Grace hajafika, lakini shule aliyoipigania ilikuwa imesimama. Grace alikaa hapo hadi 1953.

Miaka minne. Fikiria msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Asembo, kwenye mji wa Waganda, anajifunza kazi kwa Kiingereza, anahudumia wagonjwa wanaozungumza Kiganda. Mafunzo ya uuguzi siku hizo yalikuwa ni kazi yenyewe. Mwanafunzi alikuwa ndiye mikono ya wodi. Unaosha, unatandika, unalisha, unabeba bedpani, ndipo ukipata dakika unafungua kitabu. Shikilia hiyo bedpani kwanza, tutairudia.

Kitu kimoja kuhusu mafunzo ya namna hiyo ni kwamba hayakuachii nafasi ya kujiuliza sana wewe ni nani. Mgonjwa anakuita, unaenda. Unaenda mara ya kwanza kwa sababu metroni anakutazama. Mara ya mia mbili unaenda kwa sababu umejua sauti ya maumivu na sauti ya mtu aliyeboeka tu, na umejua kwamba wewe ndiye unayejua tofauti. Nadhani hapo ndipo mtu anapogeuka kuwa nesi kwelikweli, na sherehe ya kuwasha mishumaa haina uwezo wa kumgeuza.

Kutoka Mengo akaenda Uingereza kusomea ukunga, katika hospitali ya akina mama na watoto Woolwich, London. Ni miaka ya 1955 hadi 1958. Wakati huo huo akapata kazi BBC, kuandika na kutangaza vipindi vilivyorushwa Afrika Mashariki na ya Kati. Yaani kwa upande mmoja msichana wa Asembo anapokea watoto wa Waingereza, na kwa upande mwingine sauti yake inasikika kwa redio huku nyumbani.

Tangu 2021, Kenya na Uingereza zilipotia saini mkataba wa kupeleka wahudumu wa afya, kila mwanafunzi wa uuguzi ninayekutana naye mtandaoni ana ndoto ya London. Siwalaumu, bili ni bili. Ila wengine wanaongea kana kwamba unesi ni pasipoti na wodi ni foleni ya viza. Grace alienda London karibu miaka sabini iliyopita, wakati safari hiyo ilikuwa ngumu mara kumi, akatoka na cheti cha ukunga na jina kwa redio. Angeweza kubaki. Mwaka wa 1958 alikuwa Hospitali ya Maseno, sista na mwalimu wa wakunga.

Maseno alikuwa kwa muda mfupi, hadi 1959, lakini mimi naipenda sana sehemu hiyo. Kufundisha ukunga ni kumwangalia msichana mwingine akitetemeka mikono mbele ya mama anayejifungua, ukakumbuka yako ilivyotetemeka. Hapo huwezi kujifanya. Mwanafunzi anakusoma: akiona unamfokea mama, atajua kumfokea mama ni sehemu ya kazi. Akiona unamshika mkono, atajua hiyo ndiyo kazi. Hakuna somo la maadili darasani litakaloshinda alichokiona kwa macho yake saa nane za usiku.

Mwaka wa 1959 aliolewa na Bethwell Ogot wa Gem, mwanahistoria ambaye baadaye alikuwa jina kubwa Afrika nzima. Walijaliwa watoto wanne. Bethwell ndiye aliyemsukuma kuandika kwa dhati, baada ya kuona barua zake za uchumba zilivyokuwa na mdundo. Wacheni niseme tu kwamba kuna wanaume wanaopata barua kama hizo na kujibu kwa emoji ya dole gumba.

Miaka ya mwanzo ya 1960 alikuwa Kampala tena, akafanya kazi katika kitengo cha afya ya wanafunzi Chuo Kikuu cha Makerere. Na hapo Makerere, Juni 1962, ukafanyika ule mkutano maarufu wa waandishi wa Afrika. Achebe alikuwepo, Soyinka alikuwepo, Ngugi akiwa bado mwanafunzi. Nesi wa Asembo akasimama akasoma hadithi yake. Alichokiona kwenye mkutano huo kilimkera: Afrika Magharibi ilikuwa na vitabu vya kuonyesha, Afrika Mashariki karibu haikuwa na kitu mezani. Mwaka uliofuata hadithi hiyo ilichapishwa katika jarida la Black Orpheus, Nigeria.

Huku nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Alipopeleka hadithi zake East African Literature Bureau, meneja hakuelewa vipi mwanamke Mkristo, tena mwenye elimu yake, anaandika kuhusu kafara, uganga na laana badala ya kuandika kuhusu wokovu. Hadithi zikarudi. Mtu mwingine angeandika za wokovu. Yeye aliendelea kuandika zilezile, akasubiri hadi akapata mchapishaji aliyezielewa. Mwaka wa 1966 East African Publishing House ikatoa riwaya yake The Promised Land, na jina lake likaingia kwenye historia kama mwanamke wa kwanza wa Kenya kuchapisha riwaya kwa Kiingereza.

Ukaidi huo una adabu. Hapigi kelele, haombi msamaha, habadilishi. Nimesikia manesi wazoefu wakiulizwa ni mwanafunzi gani atakayedumu, na mara nyingi hawamtaji mwenye alama za juu. Wanamtaja yule ambaye ukimwambia kitu hakiwezekani anauliza kwa nini, kwa heshima, na kesho anauliza tena.

Riwaya yenyewe inahusu Ochola na mkewe Nyapol, wanaohama Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi bora. Jirani mwenye wivu anamroga Ochola, mwili unamtoka miiba, na hospitali ya wazungu inashindwa. Anayemtibu ni mganga.

Sasa tulia hapo. Aliyeandika hayo ni nesi wa Mengo, mkunga wa Woolwich, sista wa Maseno. Alijua anatomia. Alijua viini vya magonjwa. Angeweza kumfanya mganga awe kichekesho, na wamishonari wangempigia makofi. Badala yake akaandika hospitali inayofika mwisho wa ujuzi wake na mgonjwa ambaye bado yuko hapo, bado anaumwa, bado ana imani yake. Mimi siamini miiba ya kurogwa, na wala sidhani alikuwa anatuambia tuache hospitali. Naona alikuwa anasema alichokiona: mgonjwa haachi dunia yake langoni akiingia wodini. Nesi yeyote atakayefanya kazi Bumula anajua hivyo. Mtoto anakuja amechanjwa chale kifuani kabla ya kuletwa na nimonia. Unaweza kumtukana kukhu aliyemchanja, na wakati mwingine hatamleta kabisa. Au unaweza kumwamkia kwa heshima, umtibu mtoto, halafu mzungumze.

Mwaka wa 1968 akatoa mkusanyiko wa hadithi fupi, Land Without Thunder. Humo ndimo mna hadithi ya mvua tunayoikumbuka sote. Na humo pia mna nyingine ambayo naona ingepaswa kusomwa na kila mwanafunzi wa uuguzi wiki ya kwanza, kabla ya orodha ya mifupa. Inaitwa The Old White Witch.

Ni hospitali ya misheni. Metroni ni mzungu, Matron Jack, mkali. Wauguzi ni wasichana wa Kiafrika, na kiongozi wao ni Monica. Wanagoma. Sababu? Bedpani. Wanakataa kubeba haja za wagonjwa, kwa kuwa mila yao inakataza na watu nje wanawacheka. Kwa metroni, kazi ni kazi, asiyetaka mlango uko wazi. Kwa wasichana, wanaombwa wavue heshima yao kama mtu anavyovua viatu. Wanaondoka. Yanayofuata sitakusimulia, tafuta kitabu.

Ninachokipenda ni kwamba Ogot hawaoni wasichana hao kama wajinga. Ana haki ya kuwaona hivyo kuliko mtu yeyote, maana yeye amebeba hizo bedpani. Lakini aibu yao anaichukulia kuwa kitu halisi. Mtu ana mama, ana kijiji, ana mchumba, na wote hao wana neno la kusema kuhusu mikono inayogusa uchafu wa mtu mwingine. Metroni hana muda wa kusikia hayo. Na wagonjwa wako katikati, vitandani, wakisubiri.

Turuke sasa kutoka kitabuni hadi Bungoma, na hapa panauma.

Juni 2013 serikali ilifanya huduma za kujifungua kuwa bure katika hospitali za umma. Akina mama wakamiminika. Agosti mwaka huo mama mmoja alifika hospitali ya Bungoma kujifungua. Yaliyomkuta yamo katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Bungoma ya Machi 22, 2018. Uchungu ulipomzidi alitembea mwenyewe kutafuta chumba cha kujifungulia, akakuta hakuna kitanda, akapoteza fahamu akajifungulia sakafuni. Alipozinduka, manesi walikuwa wanamfokea na kumpiga makofi kwa kujifungulia pale chini. Mtu alirekodi kwa simu, taifa zima likaona. Mahakama ikasema utu wake ulivunjwa, ikaamuru alipwe Sh2.5 milioni na aombwe radhi.

Tukio hilo wengi wa rika langu tuliliona tukiwa shule. Nikiri tu kwamba kwa muda mrefu kila nikiona sare nyeupe nilikuwa nawaza video ile. Ni dhuluma kwa manesi wengi wazuri, najua.

Lakini fikiria: mtu hafiki wodi ya kujifungulia bila kufunzwa na bila leseni. Kama ni mishipa, wanaijua. Kilichokatika hapo si ujuzi. Ni ile sehemu ya mtu inayomwona mwanamke sakafuni na kusema moyoni, huyu ni wangu, badala ya kusema, huyu ameniharibia zamu. Na nikiisoma The Old White Witch naanza kuelewa mahali inapokatikia. Nesi ambaye heshima yake mwenyewe hakuna aliyeisikiliza, anayefokewa na mkubwa wake asubuhi, anayehudumia watu wa zamu tatu peke yake, mchana anatafuta wa kumfokea. Na chini yake kuna mmoja tu: mgonjwa. Hilo halimpi ruhusa ya kunyanyua mkono. Mahakama ilisema hivyo na mimi nasema hivyo. Ila kama tunataka mwanafunzi wa leo asiwe nesi huyo wa kesho, hatuwezi kumfundisha huruma kwa kumdharau.

Halafu kuna mgomo. Juni 5, 2017 manesi wa hospitali za umma waliweka kazi chini, na hawakurudi hadi Novemba 2. Miezi mitano. Waliokuwa wagonjwa wasio na pesa za hospitali za kibinafsi wanajua maana yake. Wanafunzi wa uuguzi wa wakati ule waliona kazi wanayoisomea ikitukanwa na kila upande: serikali ikiwaita wakaidi, wananchi wakiwaita wauaji, wenyewe wakidai mkataba wao uheshimiwe. Mimi nilikuwa upande wao na bado niko. Monica wa Ogot pia nilikuwa upande wake, hadi nilipofikiria wale waliobaki vitandani, nikakosa pa kusimama. Hadithi iliyoandikwa miaka ya 1960 ilikuwa imeshaliweka swali hilo mezani, bila kutuambia tujibu nini. Ingekuwa rahisi kwake kuandika metroni mbaya na wasichana wazuri. Au kinyume. Lakini aliyewahi kuhesabu vitanda usiku hawezi kuandika hivyo.

Hapo ndipo nasema sare hakuivua. Alikuwa ameacha wodi. Baada ya hapo alifanya kazi za kila aina: ofisa wa maendeleo ya jamii Kisumu, uhusiano mwema katika shirika la ndege la Air India, kipindi cha redio kwa Kijaluo. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha waandishi Kenya, akakiongoza. Mwaka wa 1975 alikuwa katika ujumbe wa Kenya kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Akaandika zaidi kwa Kiingereza, kisha akaona watu wa kwao, wale nyanya waliomlea kwa hadithi, hawawezi kumsoma, akaandika kwa Kijaluo. Miaha ilitoka 1983.

Mwaka huo huo wa 1983 aliteuliwa mbunge. Miaka miwili baadaye mbunge wa Gem, Horace Ongili, aliuawa, kiti kikabaki wazi, Grace akaingia ulingoni na kukinyakua. Akawa waziri msaidizi wa utamaduni na huduma za jamii, enzi ambapo ukitazama picha za serikali unahesabu wanawake kwa vidole vya mkono mmoja na vinabaki. Alirudi tena 1988. Mwaka wa 1992, upinzani ulipoizoa Nyanza, safari ya bunge ikaisha. Siasa zake za KANU ya wakati ule zina maswali yake, na wanaGem wanaweza kubishana hadi chai ipoe. Mimi sehemu hiyo ya maisha yake hainivutii sana.

Kinachonivutia ni wale wanafunzi wanaosema wataacha uuguzi kwa sababu wanapenda pia kitu kingine: muziki, mitindo, siasa, kuandika. Wanadhani nesi wa kweli ni yule asiye na kitu kingine kichwani. Angalia tarehe za Grace: Woolwich na BBC ni miaka ileile. Alichokisikia wodini kiliingia kwenye hadithi. Hakuwahi kuwa nusu nesi na nusu mwandishi, alikuwa vyote vizima, na vikagombania saa zake kama watoto wanavyogombania nyama.

Na kinyume chake pia ni kweli. Kuna atakayekaa wodini miaka thelathini, apate mafao yake, asiwe nesi hata siku moja. Hao wapo, msinikasirikie. Mama wa Bumula anawajua kwa majina, na akifika hospitalini kwanza anachungulia kuona ni zamu ya nani.

Mwaka wa 2012, akiwa na umri wa miaka 82, alitoa kitabu cha maisha yake mwenyewe, Days of My Life, kilichochapishwa Kisumu. Alifariki Nairobi Machi 18, 2015, akiwa na miaka 84. Wengi wa wanaoingia KMTC siku hizi walikuwa bado wanajifunza kusoma. Taarifa za kifo chake nilizozisoma zilianza na mwandishi, zikaenda kwa mwanasiasa, kisha kwa mke wa profesa. Mengo ilipata nusu sentensi, Woolwich nusu nyingine. Maseno, alikofundisha wakunga, kwenye mbili kati ya hizo haikutajwa.